Salamis: Nilikwenda Kuona Vita, Nikakuta Vyuma Chakavu

Feri ya Perama, karibu na Athens huko Ugiriki, kwenda Paloukia kwenye kisiwa cha Salamis ni kivuko cha Likoni cha kwetu Mombasa tupu: malori mbele, pikipiki zinajipenyeza, na chombo hakijatulia watu washaanza kuteremka. Ila huku hata mwenda kwa miguu analipa. Robo saa hivi, uko kisiwani.

Kilichonipeleka Salamis ni habari ya vita vya baharini vya mwaka 480 kabla ya Kristo. Mfalme Xerxes wa Uajemi alikwisha kuichoma Athens, na merikebu zake, kwa hesabu ya Herodotus, mwanahistoria wa kale wa Kigiriki, zilianza safari zikiwa 1,207. Za Wagiriki hazikufika 400. Wanahistoria wa leo wanaipunguza sana hesabu ya Waajemi, lakini nani alikuwa mnyonge hakuna anayebisha, na mnyonge ndiye aliyeshinda.

Dereva wa teksi nilimtajia Kynosoura, rasi yenye kumbukumbu ya vita hivyo, nikamwonyesha na ramani kwenye simu. Akaitikia kwa bashasha, akawasha mita, kisha akaizima. Tukapanda vilima, tukashuka vilima, akanitua ufukweni penye miavuli na viti vya plastiki, akataka yuro 25. Nikamwuliza vita vilipiganwa wapi. Akanyoosha mkono baharini. Haya, bahari ilikuwepo, hilo siwezi kumnyima. Lakini yuro 25! Kwa pesa hizo Mombasa unapanda basi mpaka Nairobi na chenji inabaki.

Nilirudi kwa miguu, jua la utosi, maji ya chupa yamekwisha, nikiuliza njia kila duka. Kynosoura yenyewe ni rasi nyembamba, na njia yake inapita katikati ya karakana za meli: vyombo vimepandishwa nchi kavu, vimeshika kutu, harufu ya rangi inakaba koo. Mbele kuna sanamu ya shaba ya wapiganaji, na kilima kidogo wanachosema ndipo walipozikwa waliokufa vitani. Basi.

Ningeondoka na hasira zangu kama si mzee mmoja aliyekuwa akivua samaki hapo. Alikuwa fundi wa injini melini, Kiingereza chake cha bandarini. Kusikia Mombasa tu, "Kilindini!" akanitajia na baa ambayo mimi sijapata kuisikia. Kisha akapanga dagaa wake wa chambo juu ya ukuta, akaweka mawe mawili kuwa bara na kisiwa.

Themistocles, jemadari wa Athens, akasema, alimtuma mtumwa wake Sikinnos kwa Waajemi kwa siri: Wagiriki wanataka kutoroka usiku huu, wazibieni njia. Wakaamini. Wapiga makasia wao wakakesha baharini, na kila merikebu ilikuwa na kama watu 170 wa kasia. Kulipokucha wakaingia kwenye mlango mwembamba wamechoka, na walio mbele walipotaka kurudi, walio nyuma wakawa bado wanakuja ili mfalme awaone. Mzee akawasukuma dagaa kwa kidole baina ya mawe mpaka wakapandana, wengine wakaanguka. Xerxes alikuwa amekaa upande wa pili, chini ya mlima Aigaleo, anatazama. Wafoinike, mabaharia wake, walipomwendea kuwatupia lawama Wagiriki wa Ionia waliokuwa pia upande wake, akaamuru Wafoinike hao wakatwe vichwa.

Nami nikampa ya kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa ya ukoo wa Mazrui, pamoja na Pate, waliishukia Lamu kwa majahazi. Wakapigwa Shela, na kukimbilia vyombo wakakuta maji yamekupwa, majahazi yamekaa mchangani. Mifupa yao ilibaki pale pwani miaka na miaka.

"Na wewe ni wa Lamu?"

"Mombasa."

Alicheka mpaka akakohoa. Akataka kujua tulilipiza lini. Nikamwambia Lamu waliomba himaya ya Sayyid Said wa Oman, na mwaka 1837 Said huyohuyo akaitwaa na Mombasa.

"Kumbe mmepigwa mara mbili!"

Sikuwa na jibu. Huko Lamu nako nimetaniwa hivyohivyo, tena na watoto, ila sikutarajia kuyafuata matani hayo mpaka Ugiriki kwa nauli yangu.

Alinirudisha Paloukia kwa pikipiki, pesa ya mafuta akakataa katakata. Kahawa hakukataa. Vikombe viwili, vidogo kama vya kahawa chungu ya kwetu, na mwenye mkahawa akatutoza yuro saba.