Kusoma kitabu cha mahakama ya kadhi, Malindi

Mwanaanthropolojia Susan Hirsch alifuatilia kesi katika mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi, Kenya, akatoa kitabu, Pronouncing and Persevering, mwaka 1998. Kinaonyesha kwamba mume hutamka talaka, mke huambiwa avumilie. Lakini mbele ya kadhi mke yuleyule ndiye anayefungua mdomo, na simulizi yake ndiyo kesi.

Wengi hukwama kwenye istilahi. Talaka hutoka kwa mume. Khului, mke hujivua kwenye ndoa kwa kurudisha mahari. Faskhi, kadhi huivunja ndoa kwa sababu, kama kutolishwa. Ukizichanganya, hutaelewa kwa nini mke ahesabu siku alizokaa bila unga.

Kisome pamoja na Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170: lazima wahusika wote wawe Waislamu na wakubali kusikilizwa na kadhi.