Tiketi Yangu, Ukumbi Mwingine

"Mwanangu, hao walihama hapa mwaka 1974."

Mama wa mlangoni alinirudishia simu kwa huruma. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, onyesho lilianza saa moja, nami nilikuwa nimesimama mbele ya Ryman Auditorium, katikati ya jiji la Nashville, Marekani, na tiketi halali kabisa ya ukumbi mwingine.

Kosa ni langu. Tiketi ilisema Grand Ole Opry, lile onyesho la redio la muziki wa country, na mimi tangu utotoni najua Opry ni Ryman. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa na redio moja ambayo sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa, na Jumapili baada ya ibada kule kwetu Nyeri Jim Reeves aliimba humo mpaka chai ikapoa. Baba alijua kwamba Jim Reeves aliingia Opry mwaka 1955, na kwamba Opry ilipigwa ndani ya jengo la matofali mekundu lililokuwa kanisa. Alichokosa kujua ni kwamba walihama. Nami, ili niende kwa miguu, nilikuwa nimelipia chumba karibu na Ryman kwa bei ambayo sitaiandika, mke wangu asije akaisoma.

Ukumbi wa sasa uko kilomita 15 hivi nje ya mji. Teksi dola 38! Tena tukakwama Broadway nyuma ya lile gari lao la baa, abiria wanakanyaga pedali huku wanakunywa, wasichana kumi na kitu wenye buti za kauboi wakimwimbia bibi harusi mtarajiwa. Kila mlango wa mtaa ule una bendi yake, na kila bendi ina ndoo ya bakshishi. Dirishani mwa duka moja: nunua jozi moja ya buti, upewe mbili bure. Nilibaki nikijiuliza mtu mwenye miguu miwili anafanyia nini buti sita. Dereva hakuwa na haraka, mita ilikuwa inasoma.

Nilifika waimbaji wawili wameshamaliza, nikapanda kule juu karibu na dari. Onyesho lilikuwa zuri, sitalisimulia. Kilichonikaa ni duara la mbao katikati ya jukwaa, rangi yake tofauti na sakafu nyingine, upana wake kama mita 1.8. Kila mwimbaji alihakikisha amesimama ndani yake. Jirani yangu akaninong'oneza: walipohama walikata kipande cha jukwaa la Ryman wakaja nacho. Yaani mbao nilizozifuata mjini zilikuwa zimenitangulia huku.

Asubuhi nikarudi Ryman, nikalipa tena, safari hii kutazama tu. Jengo lilikamilika mwaka 1892. Nahodha wa meli za mtoni, Thomas Ryman, alimsikia mhubiri Sam Jones mwaka 1885, akaokoka, akaamua mji upate nyumba kubwa ya mahubiri. Opry walikuja kulitumia kuanzia 1943. Viyoyozi havikuwepo enzi hizo, na waimbaji walikosa nafasi ya kutosha ya kubadilishia nguo, ndiyo maana wengi walisubiri zamu yao katika baa ya uchochoroni, mlango wa nyuma.

Ndani hakuna viti. Kuna mabenchi ya kanisa, ambayo mama yangu bado anayaita fomu: mti wa mwaloni, marefu, yamepinda kufuata jukwaa, vanishi imelika pale mikono inaposhika mtu akitaka kuinuka. Mto wa kukalia, hakuna. Nusu saa tu mfupa wa kitako ukaanza kulalamika, na mara nikamwona baba pembeni yangu, kidevu kifuani, anasinzia katikati ya mahubiri huku mama anamfinya. Walitaka hela zaidi wanipige picha jukwaani. Nikakataa.

Juu yangu ilikuwa roshani. Ilijengwa mwaka 1897 kwa ajili ya mkutano wa maveterani wa jeshi la Kusini, wale waliopigana ili watu wa rangi yangu wabaki watumwa. Nilihama benchi, nikajicheka, nikarudi palepale.

Nilipotoka nikaona kibao cha barabara: John Lewis, yule mpigania haki za watu weusi. Zamani ikiitwa Fifth Avenue. Ukipanda kidogo tu unafika kwenye maduka ambako Jumamosi ya tarehe 13 Februari 1960 wanafunzi weusi waliketi kwenye kaunta za chakula, wakakataliwa huduma, wakabaki wameketi. Waliendelea kurudi, wengine wakipigwa na kufungwa, hadi kaunta zikafunguliwa mwezi Mei. Opry ilikuwa ikipigwa kila Jumamosi usiku, mwendo wa dakika chache kutoka pale. Redio ya baba haikututajia habari hiyo hata siku moja.

Usiku nikampigia mama.

"Umepaona alipokuwa akiimbia Jim Reeves wa baba yako?"

"Nimepaona."

"Viti vyao vikoje?"

"Fomu, mama. Kama zetu za kanisani."

Akanyamaza, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Na wewe, baba! Nauli yote hiyo ya ndege, ukakae kwenye fomu?"