Sarafu Zangu Baada ya Mafuriko

Maji yalipopungua, mkebe wangu wa sarafu niliukuta sakafuni ukiwa umejaa tope hadi kwenye kifuniko, na albamu mbili za kadibodi zilikuwa zimevimba na kurasa zake kugandana. Kosa kubwa nililifanya hapo hapo. Niliokota sarafu ya fedha ya Maria Theresa, mtawala wa zamani wa Austria, ile ambayo hubeba mwaka 1780 hata kama ilipigwa chapa miaka mingi baadaye, nikaisugua kwa pindo la shati ili niione sura. Tope lile lilikuwa na mchanga. Ukiielekeza sarafu hiyo kwenye mwanga leo, utaona mikwaruzo myembamba ikipita shavuni mwa malkia, na mikwaruzo hiyo haikuletwa na mafuriko.

Tangu hapo sikusugua kitu. Nilivaa glavu, kwa kuwa maji ya mafuriko hubeba hata uchafu wa vyooni, nikaipiga picha kila sarafu kama ilivyokuwa kwa ajili ya bima, kisha nikazisuuza taratibu na kuziloweka katika maji yaliyokenekwa, ambayo niliyabadilisha kila siku. Za fedha, za shaba na za chuma nilizitenga, maana metali tofauti zikigusana ndani ya maji yenye chumvi, moja huliwa upesi zaidi. Kuzikausha ni kuzibonyeza tu kwa kitambaa laini cha pamba.

Zilizonisumbua ni zile zilizokuwa katika vifuko vya plastiki laini. Plastiki ya PVC ikichakaa huacha utando wa kijani unaonata, ambao maji hayauwezi. Nimeuondoa kwa asetoni safi, kimiminika cha kuyeyushia kinachowaka upesi, katika bakuli la kioo, madirisha yakiwa wazi na moto ukiwa mbali. Dawa ya kufutia rangi ya kucha haifai, kwani mara nyingi huchanganywa na mafuta na manukato.

Senti zangu za Marekani za mwaka 1943, za chuma kilichopakwa zinki, zimeota kutu kingoni, nami nimeziacha hivyo, kwa sababu zinki ikishaliwa hairudi. Za shaba ninazikagua kila wiki. Unga wa kijani mpauko ukizuka tena baada ya kuondolewa, ujue kloridi, chumvi inayoila shaba, bado imo ndani. Jana sarafu moja imeuonyesha, nikairudisha majini.