Kiboko wa Java

Kutoka mjini Solo, kisiwani Java nchini Indonesia, hadi Sangiran si mbali, lakini dereva wa pikipiki alinipandishia nauli tukiwa katikati ya mashamba ya mpunga, ambako sikuwa na usafiri mwingine. Nikalipa, roho ikiniuma.

Hasira ilinitoka ndani ya makumbusho, mbele ya taya la kiboko wa kale. Mimi ni mtu wa Lindi, kiboko simsimuliwi. Taya lile lilikuwa jeusi kama mpingo, magego yamesagika kwa kutafuna majani, chonge imevunjika karibu na shina. Leo Java nzima haina kiboko wa porini hata mmoja! Jirani yake zilikuwepo pembe za stegodoni, jamaa wa tembo aliyekwisha kutoweka, na mafuvu ya nyati. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Nje, mzee mmoja muuza maji (maji yenyewe ghali) alianza kunisimulia, mwanawe akitafsiri. Wazee wao waliiita mifupa ile balung buto, mifupa ya majitu, na wakaisaga kuwa dawa. Miaka ya 1930 akaja mtafiti von Koenigswald, akawa analipa kwa kila kipande. Wanakijiji wakavunja mifupa mizima ili vipande viongezeke. Siwalaumu hata kidogo. Aliyepanga malipo ya namna ile ndiye aliyewafundisha kuvunja.

Mzee alichangamka zaidi alipofika kwenye habari za Trinil, mashariki ya hapo, ambako mtafiti Mholanzi, Dubois, alipata fuvu la mtu wa kale mwaka 1891. Alichimba pia mifupa ya wanyama kwa maelfu, yote ikapelekwa Uholanzi. Mwaka 2025 Uholanzi ilikubali kurudisha visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, zaidi ya 28,000. Mzee aliitaja idadi hiyo mara mbili.

Nami nikamweleza habari za Tendaguru kwetu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, babu zetu wakaibeba vichwani, siku kadhaa kwa miguu, hadi bandarini Lindi. Mjusi wetu bado amesimama Berlin, na watu hulipa kiingilio kumtazama.

“Wewe umeshamwona?” mzee akauliza.

Nikamjibu bado. Nauli ya kwenda Berlin, na viza yake, vimenishinda.