NaN imenikesha hadi saa nane usiku

Jana nimelala saa nane usiku kisa mstari mmoja wa JavaScript (lugha ya kuprogramu kurasa za wavuti), tena kosa ambalo nilishawahi kumcheka mtu kwa ajili yake, yani nimelipwa hapahapa duniani.

Nilikuwa namtengenezea dada yangu kikokotoo cha duka, akibonyeza batani jumla inapanda. Klasi (kiolezo cha kodi) nimeiita Daftari, ndani kuna methodi (fanksheni ya klasi) ongeza() yenye this.jumla += 500, yani jumla iongezeke 500. Kwa klasi hiyo nikaunda daftari. Nikiiita mwenyewe kwenye konsoli, daftari.ongeza(), freshi kabisa. Nikaifunga kwenye batani:

batani.addEventListener('click', daftari.ongeza)

Bonyeza, NaN (yani "siyo namba"). Bonyeza tena, NaN. Hakuna erori nyekundu wala nini, hata pa kuanzia sina.

Sasa this ichukulie kama neno "mimi". Umempa dogo kikaratasi "mimi nadai elfu tano", akifika dukani akakisoma kwa sauti, anayedai ni dogo, wewe uliyeandika hauhusiki. daftari.ongeza bila mabano haiondoki na daftari lake, inatoka fanksheni tupu, na braoza ikija kuiita baadaye inaweka batani kwenye this. Batani haina jumla, kwa hiyo unapata undefined (thamani haipo), na undefined ukijumlisha 500 ni NaN, halafu hiyo NaN inabandikwa kwenye batani yenyewe kimyakimya! Bora hata ningeipa forEach (ya kupitia orodha kimoja kimoja), kule methodi ya klasi inakuta this ni undefined na inalipuka papo hapo. setTimeout (ya kuita fanksheni baadaye) nayo inakupa window, yani dirisha la braoza, kwa hiyo ni NaN ileile.

Nikaweka daftari.ongeza.bind(daftari), yani bind inaifunga this kwa daftari, ikakubali. bind ipo toka ES5 ya 2009, na toka 2015 unaweza kuandika tu () => daftari.ongeza() ukamaliza.

Mi nikajifanya mjanja, nikataka duka likifungwa batani izimike, nikaandika removeEventListener (ya kuondoa fanksheni iliyofungwa kwenye batani) na daftari.ongeza.bind(daftari) ndani yake. Haikuzima kitu. Kumbe bind kila ukiiita inazaa fanksheni mpya, kwa hiyo naomba itolewe fanksheni ambayo haijawahi kuwekwa, na nikifungua duka tena inaongezeka ya pili, unabonyeza mara moja inapanda elfu moja.

Nimeishia kuifunga mara moja tu kwenye constructor (kodi inayokimbia daftari linapoundwa), ili kuweka na kuondoa zitumie fanksheni ileile:

this.ongeza = this.ongeza.bind(this)

Asubuhi dada kanitumia voisi, anauliza mbona jana chupa moja ya maji ilikuwa inahesabiwa mbili. Nikamwambia ilikuwa netiweki.