Mhariri Anapoombwa Achukue Fomu

Kilimani, Jumatano jioni

Leo ni siku ya tatu ninashinda hapa Nyaraka za Taifa nikisoma magazeti ya zamani, na nimetoka na moyo mzito kuliko jana. Nilivuka kutoka Pemba kwa shughuli za kifamilia, lakini kilichonileta hasa Unguja ni jibu ninalodaiwa na mjomba wangu, ambaye tangu Ramadhani amenishikilia nichukue fomu ya udiwani. Hoja yake ni kwamba mtu aliyetoa kijarida kwa miaka minane, tena kijarida ambacho watu hupokezana mpaka kikachanika, ameshaimaliza nusu ya kampeni. Niliona kabla ya kumjibu niwatazame kwanza waliopita njia hiyo.

Nilianza na Sheikh Ali Muhsin Barwani. Kabla ya kuwa waziri alikuwa mhariri wa Mwongozi, gazeti lililoanza miaka ya 1940, na sauti yake ilifika mbali kuliko idadi ya nakala zake, kwa sababu nakala moja iliitosha barza nzima. Marehemu babu yangu alikuwa akinisimulia magazeti yalivyosomwa Wete enzi hizo: anayejua kusoma hukaa katikati, kahawa inazunguka, na wenzake humkatiza kila aya wakiuliza au wakipinga, hata ukurasa mmoja ukala muda wote baina ya alasiri na magharibi. Nguvu ya gazeti ilikuwa pale, na kwangu mimi bado ipo pale pale: msomaji anaweza kumkatiza mwandishi, na mwandishi hayupo kumnyamazisha.

Ukaja uchaguzi wa Julai 1957, wa kwanza katika visiwa hivi, wa viti 6 tu. Ali Muhsin alisimama jimbo la Ng'ambo, mjini Unguja, akashindwa na Abeid Amani Karume, na chama chake cha Hizbu hakikupata hata kiti kimoja. Mwaka huo nimeukalia mchana kutwa. Huyu alikuwa na elimu ya Makerere, kalamu nzuri na gazeti lililosomwa Unguja na Pemba, lakini siku ya kura vyote hivyo havikumvusha. Naamini kosa ni lile lile ambalo mjomba ananivutia nilifanye, la kudhani kwamba mtu akikusikiliza kwenye gazeti basi ameshakukabidhi mambo yake. Kusikilizwa ni jambo moja. Kuaminiwa kwa maji, ardhi na riziki ya watu ni jambo jingine, nalo hutafutwa kwa miguu, nyumba kwa nyumba.

Aliyelielewa hilo upesi ni Abdulrahman Babu, aliyerejea kutoka London mwaka huo huo wa 1957 akawa katibu mkuu wa Hizbu na kukijengea chama matawi. Naye alikuwa na karatasi yake ya habari, ZaNews, na mwaka 1962 alihukumiwa kifungo cha miezi 15 kwa kosa la uchochezi. Alipotoka mwaka uliofuata aliachana na Hizbu na kuunda chama cha Umma.

Kilichonitia uzito ni yaliyofuata, ambayo niliyajua tangu skuli lakini sikuwahi kuyapanga kwa namna hii. Uhuru ulipopatikana tarehe 10 Desemba 1963, Ali Muhsin alikuwa waziri wa mambo ya nje. Hata mwezi haujatimia vizuri, serikali ile iliyokuwa na mhariri ndani yake ilikipiga marufuku chama cha mhariri mwenzake, na Babu akavuka kwenda Dar es Salaam. Siku chache baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi. Wizara ya mambo ya nje ikawa ya Babu, na Ali Muhsin akaingia kifungoni, asitoke mpaka baada ya miaka kama kumi. Magazeti ya vyama na ya watu binafsi yakakoma, katika serikali ambayo safari hii mhariri ndani yake alikuwa Babu. Naye pia zamu yake ikafika: alikamatwa mwaka 1972, akaachiwa 1978, na akafariki London mwaka 1996.

Sipendi kumhukumu mmoja wao, kwani nyakati zile zilikuwa na shinikizo ambalo mimi sijapata kulibeba. Lakini siwezi kupuuza kwamba watu wawili walioijua ladha ya kuchapa neno lisilompendeza mkubwa walikaa, kila mmoja kwa zamu yake, katika serikali iliyomfungia mlango mwenzake. Mzanzibari aliyezaliwa siku ya Mapinduzi alikuwa na miaka 38 lilipotoka Dira mwaka 2002, gazeti la binafsi la kila wiki, na mwaka uliofuata nalo likafungiwa.

Mwaka juzi niliandika kuhusu bomba la maji la mtaani kwetu. Diwani alikuja nyumbani, akakaa mkekani, akanionesha nilipokosea, nami nikachapa maelezo yake yote ukurasa wa kwanza. Tangu asubuhi najiuliza: nikiwa mimi ndiye diwani, nani atakuja kukaa kwenye mkeka wa nani?

Baada ya isha nimempigia mjomba. Nimemwambia kwamba nikichukua fomu, kijarida lazima kwanza kiende kwa yule mwalimu kijana wa skuli ya jirani ambaye huniletea barua ya kunipinga kila mwezi, kiwe chake moja kwa moja, na mimi nisiwe na kauli juu ya hata mstari mmoja. Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, huyo si atakumaliza?" Nikamjibu kwamba huenda. Hakupendezwa, kwa sababu alichokitaka yeye ni mimi na kijarida pamoja, na tumeagana bila kuafikiana.