Kurudi kwenye Katekisimo Ndogo

Mwinjilisti wa mtaa wetu hapa Njombe alipougua mwezi Juni, niliombwa kuwafundisha watoto wa Kipaimara kwa Jumamosi nne. Nilikubali upesi, kwa kuwa Katekisimo Ndogo, kile kitabu kifupi cha mafundisho ya imani ya Kilutheri, niliikariri nikiwa na miaka 14, na sikudhani kwamba ilikuwa imebakiza neno la kunifundisha.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nimeitafuta imani mbali na hapo: mikesha ya mjini, mafuta ya upako, semina za mafanikio, leo kwa mtumishi huyu na kesho kwa yule. Sisemi kwamba Mungu hakuwapo huko. Nasema nilirudi nyumbani na kiu ileile, huku Sala ya Bwana nikiipitia mbiombio kama mtu anayehesabu magunia ya viazi na mvua inamkaribia.

Martin Luther aliandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, baada ya kuzitembelea sharika za Saxony na kukuta Wakristo wasiojua hata Sala ya Bwana, Kanuni ya Imani wala Amri Kumi, na wachungaji wengi wasioweza kufundisha. Naye mwenyewe, daktari wa theolojia, alikiri kwamba kila asubuhi aliyasoma hayo neno kwa neno, kama mtoto.

Jumamosi ya tatu tulifika kwenye ombi la nne, la mkate wa kila siku. Maelezo yake hayaishii kwenye chakula, bali yanataja pia mavazi, nyumba, shamba, mifugo, serikali njema, hali njema ya hewa, na mwishoni marafiki wema na majirani waaminifu. Watoto walikuwa wamejikunyata ndani ya masweta, ukungu ukiwa bado umetanda dirishani. Binti mmoja aliweka kidole chini ya neno lile, akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo jirani naye ni mkate?"

Nilimjibu kwamba ndiyo, kisha nikashindwa kuendelea, kwa sababu tangu msimu wa kupanda sikuwa nasalimiana na mama tunayepakana naye shamba. Tuligombania mfereji ambao hata mtoto anauruka.

Jioni ile nilipiga hodi kwake. Alikuwa akimenya viazi kando ya moto, akanisogezea kigoda kabla sijasema lolote.

Siku hizi nasali polepole, na nikifika kwenye ombi la nne namtaja kwa jina.